Fokasi Ilishika Maua

Chumba cha nyuma cha studio kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulifungukia nyuma ya pazia la kupigia picha. Mteja akishasimama mbele ya pazia, aliyekuwa ndani hana pa kutokea. Haja ikimbana, avumilie. Njaa ikimuuma, amsikilize mteja akichagua tai mpaka achoke. Dirisha lilizibwa kwa ubao ili mwanga usiharibu rangi za skrini. Humo ndimo alimofanya kazi Kitinda, akisafisha picha zilizopigwa na kaka yake.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Wazazi walipofariki alikuwa bado anavaa sare za shule ya msingi, na kaka yake ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha kushika kamera. Mtaani kaka huyo aliitwa Tabasamu, maana hakujua kubonyeza kitufe bila kulitamka neno hilo. Hata kwenye picha za vitambulisho, ambamo mtu hatakiwi kucheka, yeye alisema tu.

Tabu ilianza kimyakimya. Picha za harusi zilianza kuingia kwenye kompyuta nyuso zikiwa na ukungu na vitu vya nyuma vikiwa vimekolea. Bwana harusi haonekani vizuri, lakini mkono wa kiti alichokalia unahesabika hadi nyuzi. Mwanzoni Kitinda alidhani ni lenzi. Akaipeleka kwa fundi, fundi akairudisha akisema haina ugonjwa. Ndipo akaanza kumtazama kaka yake: jinsi anavyopapasa meza kutafuta kifuniko cha lenzi, jinsi anavyogeuza kichwa chote kumwona mtu aliyesimama ubavuni. Kamera ilijitafutia fokasi yenyewe, yaani mahali pa kukoleza, ila kaka hakukiona tena kile kiboksi kidogo cha kijani kinachoonyesha imeshika wapi.

Hakumwambia. Utamwambiaje mtu aliyekulea kwamba macho yake yamekwisha? Badala yake akageuka kuwa mficha siri. Picha aliyoweza kuikoleza kwa programu, aliikoleza. Isiyokolea, aliipunguza ukubwa. Iliyoshindikana kabisa, aliigeuza nyeusi na nyeupe, na wateja wakasema studio ile ina sanaa ya aina yake. Kazi zikaongezeka, na Kitinda akazidi kuzama katika kile chumba.

Katikati ya hayo ikaja simu. Mhariri wa picha wa gazeti moja alikuwa ameona picha ambazo Kitinda huzipiga Jumapili, za mafundi na wauza mitumba wakiwa kazini. Alitaka mpiga picha. "Nipe jibu wiki hii, dada," alimwambia. "Siwezi kuishikilia nafasi."

Kitinda aliahirisha kumjibu siku baada ya siku. Akiondoka, nani atafunika aibu ya kaka? Asipoondoka, atazeekea nyuma ya pazia.

Wiki hiyohiyo akaja bibi harusi wa miezi michache nyuma, amevaa nguo nyeusi. Baba yake alikuwa amefariki. Alitaka picha moja tu, ile ambayo baba anamkabidhi kwa mumewe, ikuzwe iwekwe sebuleni kwa mama.

"Hiyo ninayo, mwanangu," Tabasamu alimjibu. "Kesho njoo uichukue."

Kitinda alipoifungua, aliona tatizo ni lilelile. Fokasi ilishika maua ya ukutani. Kila ua lilionekana hadi vumbi lake, na mbele yake mzee alikuwa kama mtu anayeonekana kupitia kioo chenye mvuke. Alikoleza, haikufaa. Alitafuta nyingine, hakuna. Tukio lenyewe lilikuwa la dakika moja. Mwisho akaiingiza kwenye programu mpya inayojaza nyuso zilizopotea. Mashine ikafikiri kidogo, ikamletea mzee safi kabisa, mwenye kope, mwenye makunyanzi. Mzee mzuri. Ila hakuwa yule.

"Kaka, hii picha haifai kumpa," alisema, akiwa amesimama na picha iliyochapwa mkononi.

Tabasamu akaisogeza karibu na pua, akaigeuza kwenye taa. "Mbona safi? Usianze kujitilia shaka, Kitinda. Mpe."

Kesho yake bibi harusi alimkuta Tabasamu akiwa amemaliza kupiga picha za familia moja, pazia bado limeshuka. Kitinda alikuwa ndani. Alisikia bahasha ikifunguliwa.

"Huyu ni nani?" bibi harusi akauliza.

"Si ndiye mzee wako, mwanangu? Labda mwanga umekubabaisha."

"Baba alikuwa na jicho moja linalolegea. Huyu halegei." Sauti yake haikupanda. "Mmemweka mtu mwingine ndani ya koti la baba yangu."

Kitinda alisimama huku shavu lake likiwa karibu kugusa pazia. Angeweza kukaa kimya. Kaka angetoa maneno yake matamu, binti wa watu angeondoka, na kesho ingeendelea kama jana. Wazo hilo la kesho ndilo lililomtisha. Akainama, akapita chini ya pazia na kutokea miguuni mwao, nywele zimejaa vumbi.

"Sura hiyo imetungwa na kompyuta," alisema akijifuta magoti. "Mimi ndiye niliyeitoa. Nisamehe. Picha yenyewe ina ukungu."

"Nionyeshe."

Akaileta kompyuta mpakato na kuiweka juu ya kaunta. Bibi harusi aliitazama sana ile picha ya ukungu, akagusa skrini pale palipokuwa na uso.

"Kwa nini imetoka hivi? Tuliwaamini."

Kitinda alifungua mdomo, lakini kaka yake akamtangulia.

"Kwa sababu sioni, mwanangu," Tabasamu alisema. Alikuwa anatazama pembeni kidogo ya mahali aliposimama mteja wake. "Nilikuwa sioni siku ile, na leo sioni. Nilipaswa kukuambia kabla ya kuipokea kazi yako."

Bibi harusi aliomba picha ya ukungu iwekwe kwenye simu yake, akaiacha ile nyingine juu ya kaunta, akaondoka bila kuaga.

Tabasamu akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Ulijua?"

"Muda mrefu."

"Nami nilijua kwamba unajua. Picha zangu mbovu zilikuwa zinatoka nzuri, kwani mimi mjinga?" Akacheka kidogo, cheko lisilofika mbali. "Niliogopa tukilizungumza utaondoka."

Kitinda akamweleza habari za gazeti. Kaka yake alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Wapigie sasa hivi." Kitinda akapiga palepale, mbele yake. Mhariri aliomba radhi. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine asubuhi ileile.

Wifi yake, mke wa Tabasamu, ndiye aliyempeleka mumewe hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. Dawa ingelinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi.

Sasa anayepiga picha ni Kitinda. Asubuhi anasimama mbele na kamera, mchana anarudi kwenye chumba cha nyuma kuzisafisha, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzisafisha. Tabasamu anapokea simu na kuwapanga wateja, na wapo wanaosisitiza kupigwa na yeye. Hao huambiwa ukweli, na baadhi hugeuka mlangoni.

Jumapili moja kaka yake alimuuliza kama bado anatoka na kamera yake.

"Sijapata nafasi," Kitinda alijibu, akaendelea kufuta chunusi kwenye paji la uso la bwana harusi.