Mabaki Yaliyorudi

Mpiga pasi alitandaza shuka la hoteli juu ya meza, akalinyunyizia maji, akashika pasi. Tumbo lilikuwa limemjaa tangu alfajiri, limekaza kama mpira uliotiwa upepo kupita kiasi, hata aproni ilikataa kufungika. Joto likampanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini. Halikuwa la pasi; lilikuwa lile jingine, lililomjia tangu hedhi ilipoanza kuruka miezi. Akacheua. Pamoja na cheuo ikatoka shingo ya kuku, ikadondoka katikati ya shuka jeupe.

"Shuka limeharibika," alisema mwenzake, akaiokota shingo kwa ncha za vidole. Ilikuwa baridi, ina utelezi kama sabuni iliyolala kwenye maji, na mtu alikuwa ameshaing'ata upande mmoja. "Umekula kuku lini?"

"Siku hizi sijamwonja."

"Basi ni ya zamani."

Shuka likarudishwa kwenye maji.

Baada ya hapo vikaja vingine: gegedu, kichwa cha samaki kisicho na mashavu, nyanya iliyonyonywa ikatemwa. Gesi ilitangulia, kiungulia kikafuata, kisha kitu chenyewe, na kila kitu kilikuwa na alama za meno. Akawa anatembea na mfuko wa plastiki. Watu wakawa wanampisha njia.

Daktari alimbonyezabonyeza tumbo, likanguruma kama bomba lililoziba.

"Hedhi imekoma?"

"Mwaka jana."

"Basi ndio umri wake, mama. Homoni zikishuka, utumbo nao unazembea. Wengine wanapata gesi, wengine choo kigumu. Wewe vinarudi vyenyewe." Alichungulia ndani ya mfuko, akaufunga haraka. "Kula kidogo kidogo, kaa chini ukila, kunywa maji, jioni tembea. Na mabaki ya watu uache. Haya ni mabaki ya watu."

"Ndicho chakula changu," alisema mpiga pasi.

Daktari akaenda kunawa mikono.

Nyumbani utaratibu ulikuwa mmoja tangu aolewe. Mumewe, fundi redio, na mama mkwe walikula mezani. Yeye alisimama jikoni akisubiri sahani zirudi, akala kilichowashinda. Hakuna aliyewahi kumwamuru. Sahani za kwanza zilirudi na vipande juu yake, mama mkwe akasema, "Usitupe, mwanangu," naye hakutupa.

Jioni hiyo alijipakulia sahani yake mwenyewe, ikifuka moshi, akaja kukaa nao.

"Kuna mgeni?" aliuliza mama mkwe.

"Ni mimi, mama. Daktari amesema nikae nikila, na mabaki niyaache."

"Mabaki gani? Nyumba hii haina mabaki. Kuna chakula chako."

"Madaktari wa siku hizi wanapenda kuingilia nyumba za watu," alisema mume, akatema gegedu kando ya sahani.

Gegedu liling'aa mate. Mpiga pasi alilitazama, tumbo likapanda, na hakupata hata nafasi ya kuinuka. Vikamtoka pale pale mezani: maganda ya mkate, kamba za nyama, mifupa iliyofyonzwa, vyote vya baridi, vikiteleza kimoja juu ya kingine hadi vikaanza kumwagika sakafuni. Chumba kikanuka kama dodoki lililosahaulika kwenye ndoo. Mume akainua miguu.

"Huu mnofu ulinishinda siku ya harusi," alisema, akiugeuza kwa uma. "Nilidhani ulichukuliwa na paka."

Mama mkwe alikuwa ameona ganda la mkate lenye jino ndani yake. Akalichomoa, akalipangusa kwa pindo la gauni. "Kumbe liko huku! Nililitafuta sana. Ulimeza jino langu, mwanangu?"

"Nilimeza kila kitu, mama."

Mama mkwe hakusikia. Alikuwa analijaribisha jino kwenye pengo lake.

Mpiga pasi alishika tumbo lake; sasa lilikuwa bapa na laini, gauni likimpwaya. Akavuta pumzi hadi ikafika chini kabisa. Kisha akaitazama meza, na kinyaa kikamshika. Hakikuwa kinyaa cha harufu. Katika nyumba hii hakuna tonge alilokula ambalo halikuwa limeshapita kinywani mwa mtu.

"Pole," alisema mume, kwa wema kabisa. "Kesho nitakununulia ndoo yenye mfuniko."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuisogeza ile sahani ya moto mbele ya mwanawe, isipoe bure. Akainama juu ya lundo, akabonyeza hapa, akanusa pale.

"Vipande vingine bado vizima. Vioshe, uvichemshe na chumvi, upate cha kubeba kazini."

Mpiga pasi akaleta sufuria, akavikusanya, akaenda nayo jikoni. Maji yalikuwa yameanza kutokota, utando wa kijivu ukipanda juu, mume alipomwita kutoka mezani.

"Mke wangu, njoo uchukue sahani yako. Nimekubakishia."