Paa la Tarfa

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatano, ombi la Hissa la kusajili alama yake ya biashara lilisimamishwa. Ujumbe uliomfikia kwenye simu ulikuwa mfupi: alama "Paa la Tarfa", kwa bidhaa za michuzi, ilikuwa imeshaombwa na mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Ghanim, mwenye duka la vipuri vya viyoyozi mjini Muharraq. Yaani mjomba wake.

Mahyawa, mchuzi wa samaki ambao Hissa alikuwa akiutengeneza, ni mali ya kila mtu, na hakuna ofisi duniani ambayo ingempa umiliki wake. Dagaa wakavu, haradali, giligilani na jua, basi. Lakini jina lilikuwa lake, na mchoro wa chupa zilizopangwa ukingoni mwa paa la bibi yake Tarfa ulikuwa wake pia. Duka kubwa la Manama lilikuwa tayari kumpa rafu nzima kwa mwezi wa Ramadhani, kwa sharti moja: alete namba ya ombi la usajili kabla ofisi hazijafungwa Alhamisi. Akichelewa, rafu ingekwenda kwa mwingine.

Alimkuta mjomba kwa bibi, ameketi sakafuni mbele ya sinia la tambi tamu na mayai.

"Mjomba, umeniibia jina!"

Uso wa Ghanim ulichanua. "Umeshajua? Ah, umeniharibia! Nilitaka nikupe cheti siku ya Idi, ndani ya fremu."

"Ndani ya fremu?"

"Ya dhahabu. Nimeshainunua."

Bibi Tarfa hakuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Huyu tangu azaliwe hajamuuliza mtu anataka nini. Anakubebea tu. Mwaka ule nilimwambia jino linaniuma, akaniletea mbuzi."

Hissa alikuja na hasira zake zote, akakosa pa kuziweka. Alikaa chini akamega mkate.

"Basi, mimi naondoa ombi langu," alisema Ghanim. "Lako lipite."

"Usiguse! Lako limetangulia. Naondoa langu, lako lisajiliwe, halafu utanihamishia."

"Wallahi hapana. Jasho ni lako."

"Wallahi ndiyo. Wewe ni mkubwa wangu."

"Nyamazeni mnywe chai," alisema bibi.

Wakanyamaza wote wawili, tena kwa tabasamu, na hapo ndipo bibi alipopaswa kushtuka. Muharraq watu hugombania kulipa bili ya mkahawa mpaka viti vianguke, na anayenyamaza ghafla si kwamba ameshindwa. Ameshatuma kadi yake ya benki jikoni.

Alhamisi asubuhi Hissa aliondoa ombi lake kwa simu, akiwa bado kitandani. Ghanim aliondoa lake akiwa dukani, kati ya feni mbili. Kisha kila mmoja akampigia mwenzake, na kwa muda simu zote mbili zikawa zinatumika.

"Mjomba!" Hissa alimpata mwishowe. "Nimekufanyia jambo!"

"Umechelewa, binti yangu. Mimi nimeshakufanyia!"

Hissa aliketi wima kitandani.

"Umeliondoa?"

"Na wewe?"

Ghanim alianza kucheka mpaka akakohoa, na Hissa, aliyekuwa na kila sababu ya kulia, akajikuta amejifunika mto usoni anatikisika. Jina sasa halikuwa la mtu yeyote. Mpita njia angeweza kulichukua. Ombi jipya la mtandaoni lingepewa namba Jumapili, baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi. La dirishani hupewa siku ileile. Dirisha hufungwa saa nane.

Walimchukua bibi, kwa kuwa Tarfa ni jina la mtu aliye hai na idhini yake ilitakiwa kwa alama ya kidole. Ghanim alichukua pia chupa ya mahyawa, akaiegemeza kwenye kioo cha mbele cha gari, juani.

"Hiyo ya nani?" aliuliza Hissa.

"Ya karani. Utaingiaje kwa mtu mikono mitupu?"

"Karani haruhusiwi kupokea kitu, mjomba."

"Basi ataiangalia."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikaa, wakangoja, na namba yao ilipoitwa wote wawili waliinuka.

"Tangulia, ombi ni lako," alisema Ghanim.

"Sitangulii mbele ya mjomba wangu."

"Nimeapa!"

"Nami nimeapa!"

Namba iliyofuata ikaitwa. Mwanamume mwenye mkoba aliwapita kwa adabu na kukaa dirishani.

Bibi Tarfa alipiga fimbo sakafuni. "Nimezaa punda, na punda naye kapata mpwa!"

Walichukua namba mpya. Mbele yao kulikuwa na safu mbili za watu, na saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa saba na nusu. Hissa aliacha kucheka. Aliiona rafu ya Ramadhani, na juu yake chupa za mtu mwingine.

Ndipo chupa iliyokuwa mkononi mwa Ghanim, iliyochemshwa na jua na kutikiswa na viapo vyake, ilipofyatua kifuniko. Kiligonga taa ya dari. Mahyawa ilimwagika kwenye kanzu nyeupe ya Ghanim kuanzia kifuani hadi magotini, na harufu ikaenea ukumbini.

Nusu ya ukumbi ilikimbilia mlangoni. Nusu iliyobaki ilivuta pumzi kwa nguvu, na mzee mmoja akauliza, "Hakuna mwenye mkate?"

"Mpisheni mama huyu," alisema mwenye mkoba, ameziba pua kwa kilemba. "Kwa ajili ya Mungu, mpisheni na mwanawe."

Safari hii bibi hakungoja mtu aape. Alimkamata Hissa mkono, akamkalisha dirishani, akabonyeza kidole chake kwenye wino bila kuambiwa.

"Mwombaji ni nani?" aliuliza karani, machozi yakimtoka.

"Huyu," alisema bibi. "Yule mwenye mchuzi msimuulize kitu."

Karani aliandika: Hissa, alama "Paa la Tarfa", daraja la thelathini, michuzi. Mashine ikatoa risiti yenye namba. Hissa aliipiga picha, akaituma kwa mnunuzi wa duka kubwa. Nyuma yake Ghanim alikuwa akimchotea yule mzee mahyawa kutoka kwenye kifua cha kanzu yake mwenyewe, kwa kipande cha mkate kilichotoka kusikojulikana.

Dakika chache kabla ya saa nane simu ililia. Mnunuzi alikuwa ameandika: "Imefika. Rafu ni yenu. Leteni chupa Jumapili."