Sekunde Ishirini za Kimya

Alhamisi saa tisa u nusu alasiri, redio ya umma ya mkoa ilimtukana mtangazaji wake hewani, na sauti iliyomtukana ilikuwa ya fundi mitambo.

Fundi mwenyewe wakati huo alikuwa amekaa studioni kando ya mtangazaji huyo, Mama Fidla, kikombe cha chai mkononi. Kilikuwa kipindi cha mwisho cha yule mama kabla ya kustaafu. Kwa miaka ishirini na miwili aliwapigia wasikilizaji muziki wa okestra, ule wa violini thelathini na wanaume waliovaa kama pengwini, na kwa miaka sita ya mwisho alimfundisha fundi kuusikiliza. Fundi aliishia darasa la sita, lakini siku hizi filimbi ikikosea alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye chakula. Ndiyo maana Mama Fidla alimwomba mkurugenzi amwachie fundi kipindi. Barua ya kumkabidhi ilikuwa mezani kwa bosi, ikisubiri saini saa kumi. Fundi aliitamani barua ile kuliko alivyomtamani mkewe siku za uchumba, na mkewe alishamwambia hivyo.

"Mdogo wangu, tulia sasa," Mama Fidla alinong'ona. "Hapa wanashuka mpaka chini kabisa."

"Dada, wakishuka zaidi watatokea chooni."

"Sikiliza, mjinga wewe."

Wakacheka bila sauti. Violini zikashuka, zikashuka, ikabaki moja tu, nyembamba kama uzi wa buibui.

Sasa, chumba cha mitambo kina kidude cha kulinda hewa. Kisiposikia kitu kwa sekunde ishirini, kinadhani kituo kimekufa na kufyatua tangazo la dharura. Kazi ya fundi ilikuwa kukizima kila mara kabla ya muziki wa kunyatanyata kama huu. Siku hiyo alikuwa bize kupiga pasi shati la kupokelea barua. Na tangazo lenyewe? Wiki yake ya kwanza kazini alirekodi la majaribio, ili baadaye mkurugenzi asome la maana. Hiyo baadaye haikufika.

"Moja, mbili. Moja, mbili," spika ilisema. Fundi akaitambua sauti: ni yake. "Hivi huu ndio muziki? Utadhani paka kabanwa mkia mlangoni. Na huyu bibi naye atastaafu lini, tupumzike? Moja, mbili."

Fundi alitoka mbio, akapiga kiti teke, akakichomoa kidude pamoja na waya na kipande cha ukuta. Rekodi ilikuwa imeshajirudia mara tatu.

Aliporudi, Mama Fidla alikuwa kwenye maikrofoni.

"Wasikilizaji, jibu ni leo," alisema, akaizima.

"Dada, ilikuwa zamani. Nilikuwa sijakujua."

"Miaka sita unakunywa chai yangu."

"Nilisahau kama ipo, haki ya Mungu."

"Wewe? Wewe unayekumbuka filimbi iliyokosea mwaka juzi?"

Mama Fidla akaosha kikombe chake, akakifunga kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga hata mlinzi.

Simu zilianza kulia. Kwa kawaida kipindi kilipata mbili, na moja huwa imekosewa namba. Siku hiyo zilifika arobaini na moja. Mkurugenzi aliingia ameshika mbavu.

"Wanakutaka, bwana! Wanauliza yule wa paka anarudi lini!"

Akaisaini barua akiwa amesimama, juu ya mgongo wa fundi.

Gharama yake ni hii. Tofali moja la ukuta. Sekunde ishirini za kimya. Fundi ameshatangaza Alhamisi kumi na nne, na kila Alhamisi kabla ya kuingia hewani humpigia Mama Fidla. Simu kumi na nne, hajapokea hata moja. Mezani studioni pana kikombe kimoja.