Fremu Iliyokalia Ukuta

Kuna wanaume wanaofuga njiwa, wapo wanaofuga ndevu, na mzee wa nyumba ile alifuga fremu ya baiskeli. Haikuwa na magurudumu, wala kiti, wala usukani. Ilikuwa mabomba matupu na uma wa mbele, imetundikwa kwa misumari miwili juu ya cherehani ya mkewe. Kila asubuhi mzee aliifuta kwa kitambaa cha flana, huku miwani yake mwenyewe ikibaki na ukungu. Na mgeni yeyote aliyeikodolea macho, hata kwa bahati mbaya, alisimuliwa mashindano yote, mlima kwa mlima, mpaka chai ikapoa.

Mkewe alikuwa mshonaji. Aliutaka ule ukuta kwa ajili ya rafu ya vitambaa. Mbao zilishakatwa na seremala, zimeegemezwa nyuma ya mlango, kila anayeingia zinamgonga kisigino. Lakini bibi huyu hakuwa mtu wa kugombana. Aliyezoea kufumua mapindo hana haraka. Huvuta uzi mmoja, akasubiri mwingine ulegee wenyewe.

Akauvuta huo mmoja wakati wa chai ya asubuhi.

"Baba watoto, hivi ile baiskeli yako ina thamani kweli?"

"Thamani? Ile ni dhahabu iliyokosa rangi tu!"

"Basi tumwite anayejua, aikadirie leo. Ikiwa na thamani, tuiuze. Ikiwa haina, yule wa mkokoteni wa vyuma chakavu anapita alasiri."

"Mwite! Mwite hata sasa hivi!"

Mzee alikuwa kwenye funda la mwisho la chai alipokirudisha kikombe mezani. Aliyageuza yale maneno upande huu, akayageuza upande ule. Ikiwa na thamani, inaondoka. Ikiwa haina, inaondoka.

"We mwanamke," alisema taratibu, "umenishona."

"Bado sijakata uzi, mume wangu. Kunywa chai."

Aliyekuja ni mama mmoja kijana anayenunua fremu kuukuu, kuzifufua na kuwauzia wapenzi wa baiskeli za zamani. Watu walimwita Mizani, kwa kuwa hakuna kitu alichokishika asikipime kwanza mkononi. Hata glasi ya maji aliyopewa aliipandisha na kuishusha kidogo ndipo akanywa.

"Shikamooni wazazi wangu."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu. "Mgonjwa wako yuko ukutani."

Mizani aliitungua fremu, akaipandisha na kuishusha. "Nyepesi," alisema. "Hiki si chuma cha bomba la maji."

Mzee akajaa kifua kama mkate ndani ya tanuri.

Fremu ililazwa kifudifudi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mizani akainama. "Na hii stika?"

"Ya asili kabisa," mzee akasema.

"Asili ya nini, babu? Mbona ni jina la redio?"

"Redio yenyewe ilikufa zamani," bibi akadakia. "Ikaacha jina, kama watu wa heshima."

Mizani akacheka, akachukua msasa, akaanza kusugua chini, pale ekseli ya pedeli inapopita. Ikatoka rangi ya kijani. "Mlango wa jikoni," bibi akasema. Ikafuata ya maziwa. "Kitanda cha kifungua mimba wetu." Kumbe kila rangi iliyobaki kwenye kopo ndani ya nyumba ile iliishia kwenye fremu. Mwisho kabisa ikachomoza zambarau iliyoiva, na juu yake tarakimu zilizogongwa kwa mkono, moja imelala kidogo kuliko wenzake.

Mizani sasa hakuwa akicheka. Aliwaonyesha vile viungio ambamo mabomba yanaingia: kingo zake zilipigwa tupa mpaka zikawa nyembamba kama ukucha, na kila kimoja kimechongwa umbo dogo la jani. Aliwaonyesha nyuma, panapokaa gurudumu, skrubu mbili ndogo za kulinyoosha.

"Kiwanda cha kutengeneza maelfu hakina muda wa kuchonga majani," alisema. "Hii ilitengenezwa na mtu mmoja, kwa ajili ya mtu wa mbio. Jina lake silijui, maana aliyebandika redio alilikwangua kwanza. Lakini ikiwa nzima, bibi, bei yake inakununulia cherehani ya umeme, na kiti chake."

Bibi alimtazama mumewe. Uso wa mzee ulikuwa umegawanyika kama chungwa: nusu inataka kupiga vigelegele, nusu inataka kulia. Akakohoa.

"Lakini mwanangu, huoni kutu pale?"

"Kidogo sana, babu."

"Na huo uma wa mbele, si umechakaa?"

"Haya makubwa!" bibi akasema. "Tangu lini dhahabu ikapata kutu?"

"Uma kweli si wake," Mizani akakubali. "Huu ni wa baiskeli ya mizigo. Bibi, niazime uzi."

Akaufunga uzi upande mmoja wa nyuma, akauzungusha kwenye shingo ya fremu, akaurudisha upande wa pili, akapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zilikuwa sawasawa. Fremu haikupinda ubavu. Mzee akaketi kwenye kigoda kama aliyesomewa hukumu.

Kisha Mizani akapitisha kidole chini ya bomba la chini, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Karibu na shingo kidole kikasimama. Akaurudisha mkono, akapitisha tena.

"Hapa pamevimba," alisema. "Babu, hii iligonga kitu, uso kwa uso."

"Mimi maishani sijaanguka na baiskeli!"

"Sijasema ulianguka. Nimesema uligonga." Akanyoosha mgongo. "Nikimuuzia mtu hii, siku moja itamvunjikia kwenye mteremko. Siwezi. Thamani yake imebaki ya kutazamwa tu."

Wakati huohuo kengele ya mkokoteni ikalia barabarani. Mzee akaweka kiganja juu ya bomba. Bibi angeweza kuita tu, ukuta ukawa wake. Badala yake akaitoa futi yake ya kupimia nguo shingoni na kuikunja.

"Iligonga nini, baba watoto?"

Mzee akaitazama sakafu.

"Nguzo ya geti. La kwenu."

"Lini?"

"Siku ile nilipokuja kujitambulisha. Ulikuwa dirishani, futi shingoni hivyohivyo. Nikakupungia."

"Kwa mkono mmoja?"

"Yote miwili."

Bibi akaanza kufumua, maana kumbukumbu nayo ina mapindo yake. Siku ile kijana aliingia uani akiikokota baiskeli, akasema mkwe mwenye adabu hapandi baiskeli mbele ya wakwe. Baba yake bibi alilishika neno hilo kama ufunguo. Mpaka anazeeka, kila kijana aliyeingia kwa baiskeli aliambiwa: "Jifunze kwa mkwe wangu, yeye alishukia getini!"

"Kumbe lilikushusha geti!" Bibi akacheka mpaka akashika meza. "Na baba akanioza kwa adabu ya ringi iliyopinda!"

"Ilikataa kuzunguka," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Ningefanyaje?"

Mizani naye alikuwa amegeukia dirisha, mabega yanamtikisika.

Yule wa mkokoteni akachungulia mlangoni. "Mama, leo kuna chuma?"

"Kipo, mwanangu, lakini ni ushahidi. Ushahidi haupimwi kwa kilo. Ila ingia, nisaidie kubeba zile mbao."

Rafu ikapigwa juu ya cherehani siku hiyohiyo, kama bibi alivyotaka. Fremu ikahamia sebuleni, mbele ya kiti cha wageni, tumbo nje ili ule uvimbe uonekane. Mzee alisimama na flana yake, akaifuta, akaridhika.

Mteja wa kwanza alipokuja kupimwa gauni, aliiona, akauliza ni kitu gani. Mzee akavuta kiti, akakohoa, akanyoosha mkono kuelekea milima yake.

Cherehani ikanyamaza chumba cha pili.

"Anzia getini, baba watoto."