Chungu Chini ya Ubavu wa Shamte

Sikuzani alikuwa amefika katikati ya ungo, akitenga mawe na mbaazi, Shamte alipoingia. Mbaazi zilikuwa za mwaka juzi, kavu na ngumu, na mawe yalifanana nazo kwa rangi, kwa hiyo hakuinua macho mara moja. Ilikuwa magharibi, katika miezi ile ya kipupwe ambapo ukungu hupanda kutoka bondeni na kuingia ndani ya nyumba za Kitangari bila kubisha hodi. Shamte aliketi kwenye kigoda chake karibu na mafiga. Alikuwa ameuawa juzi asubuhi.

Maji yalikuwa yakimtoka ubavuni, chini kidogo ya titi la kushoto, kwa mkondo mwembamba usiokatika. Yalishaanza kuloanisha kuni. Sikuzani aliweka ungo pembeni, akachukua chungu kitupu, akakitega chini ya ubavu wa mumewe, kisha akarudi kwenye mbaazi.

"Nasikia baridi," Shamte alisema.

"Moto huo hapo, Baba Kurwa. Sogea."

Akasogea, na chungu kikasogezwa pamoja naye.

Juu ya uwanda ule hakuna kisima. Maji yako bondeni, na mwanamke anayeondoka alfajiri hurudi na mtungi wake jua likiwa kichwani. Mwaka ule, wa pili wa vita, askari wa Mdachi walikuwa wamekwisha kuchoma maghala yote kutoka Masasi mpaka Newala, na walipoona watu bado wanaishi kwa vyakula walivyozika ardhini, wakaenda kukaa kwenye visima. Wanawake walioshuka walikamatwa. Wanaume wakaanza kushuka badala yao. Shamte alishuka na vibuyu viwili begani. Askari aliyekuwa zamu akamuuliza anataka nini, naye akajibu, "Maji."

Neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku. Aliyelitamka alihesabiwa kuwa mmoja wa waasi, na askari walikuwa na ruhusa ya kutomuuliza swali la pili.

"Ungesema *medi*, kwa lugha yetu," Sikuzani alimwambia. "Asingejua ni kitu gani. Angekupiga kofi tu."

"Aliniuliza kwa Kiswahili. Nikaona ni adabu kumjibu kwa lugha yake."

Sikuzani aliokota jiwe moja kutoka kwenye ungo, akalitupa nje mlangoni.

Asubuhi majirani walikuja kumpa pole na kumsalimu marehemu. Shamte akawaeleza mambo yalivyokuwa. Mwaka uliopita alikwenda Nanganga na wanaume wengine, wakanyweshwa dawa na kunyunyiziwa kichwani, wakaambiwa kwamba risasi ya Mdachi ikimgusa mtu aliyetii masharti itageuka maji. Shamte alitii masharti yote. Alirudi nyumbani bila kupigwa risasi hata moja, kwa hiyo dawa yake ilikuwa haijatumika.

"Imegeuka kweli," alisema. "Ila imechelewa kidogo. Imegeuka ilipokwisha kuniua."

Mzee mmoja akasema dawa nyingi ndivyo zilivyo.

Walimzika siku hiyohiyo. Kumwosha hakukuwa na kazi. Walimlaza, wakasoma dua, wakafukia, na kabla hawajafika barabarani kaburi likajaa maji mpaka juu na Shamte akaelea. Walijaribu mara tatu. Mara ya nne wakachoka, wakachota maji ya kaburini kwa vibuyu vyao na kurudi makwao, na Shamte akawafuata nyuma polepole, akijikamua kanzu.

Ndani ya nyumba kulikuwa na jambo moja lililomshughulisha Sikuzani kuliko mengine. Alikuwa amezaa mapacha, Kurwa na Doto. Doto alikufa mwezi wa Ramadhani, njaa ilipoanza. Kurwa, mwenye miaka saba, alikuwa amelala kitandani wiki ya tatu, kifua kikikoroma, mbavu zikihesabika. Ugali aliutema. Makopa ya muhogo aliyatema. Kilichopita kooni ni kitu chepesi na cha moto, na kitu chepesi na cha moto hakipikwi bila maji. Ndiyo maana Shamte alishuka bondeni.

Sasa maji yalikuwapo. Yalijaza vyungu vitatu kati ya magharibi na alfajiri, na mchana yalikatika, kwa sababu mchana Shamte alikuwa hana nguvu. Yalikuwa safi na baridi, yenye ladha ya mbali ya chuma, ambayo ufuta uliificha. Usiku wa kwanza Sikuzani alichemsha mbaazi mpaka zikapasuka, akazisaga kwa mwiko ndani ya chungu, akatia ufuta uliopondwa na chumvi ya majivu. Kurwa alikunywa vijiko vinne. Siku ya pili alikunywa sita. Mbaazi zilipopungua, Sikuzani alipika uyoga mkavu na majani ya kunde. Uyoga ulipokwisha, alichimba ming'oko, viazi vya porini, akaichemsha, akaimenya, akaiponda mpaka mchuzi ukawa mzito kama uji, akaupa pilipili moja ili kifua cha mtoto kifunguke.

Shamte naye alipewa bakuli, kwa ajili ya baridi. Alichokunywa kilitoka ubavuni baada ya muda mfupi, kikaingia chunguni, na chungu cha pili kikawa na ladha ya cha kwanza. Hakuna kilichopotea.

"Mama, mchuzi wa leo una ming'oko na mbaazi za juzi," Kurwa alisema siku moja.

"Mshukuru baba yako."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kunywa, usiongee."

Majirani walikuja na vyungu vidogo. Sikuzani aliwapa, nusu chungu kwa nyumba, akianza na wenye watoto. Wa kwanza kufika kila siku alikuwa Dominika, aliyekuwa mfagizi wa kanisa kule Masasi mpaka wapiganaji walipolichoma. Alikimbilia Kitangari akiwa na kitenge alichovaa na kipande cha mshumaa wa altareni, mrefu kama kidole. Hakuwahi kumuuliza Shamte siku ile ya moto alikuwa wapi, na Shamte hakuwahi kumwambia. Dominika alikaa akimkanda miguu, kwa sababu miguu ya mtu aliyelowa kila siku huvimba.

"Wewe mwanamume una bahati," alimwambia. "Mimi nina miaka arobaini na saba na sijawahi kutoa kitu ambacho watu walikipangia foleni."

"Kaa hapa wewe, nikafagie mimi," Shamte alisema.

Alicheka, na maji yakamtoka kwa kurukaruka. Lakini usiku uleule alimwambia mkewe kwamba amechoka. Alitaka kulala chini kama watu wengine. Dominika akautoa mshumaa wake, akasema nta inaziba hata bomba la bati, na Mungu hatamlaumu kwa kuutumia kwa Mwislamu. Wote watatu walilijadili jambo hilo kwa utaratibu. Wakakubaliana kwamba Kurwa atakapoweza kwenda mpaka mwisho wa shamba la muhogo na kurudi bila kuketi, tundu litazibwa, na Shamte atazikwa.

"Usiniharakishe," Sikuzani alisema.

"Sikuharakishi, Mama Kurwa. Nimeuliza tu."

Kwingineko mambo yaliendelea. Mpaka mwisho wa mwezi watu kumi na wanne waliuawa kwenye njia ya kisimani. Mwanaisha, mkwe wa yule mzee aliyesema juu ya dawa, alipatikana mtelemkoni, mtungi wake umewekwa kifuani, mzima, na mikono yake yote miwili imekatwa na kuwekwa ndani ya mtungi. Ndugu zake walisubiri magharibi mbili mlangoni, na vyungu tayari. Hakurudi. Hakuwahi kunywa dawa.

Siku ya Ijumaa Kurwa alikwenda mpaka mwisho wa shamba la muhogo, akang'oa jani, akarudi nalo. Hakuketi. Sikuzani alilitazama lile jani kwa muda mrefu, kisha akamwambia Dominika akalete mshumaa.

Dominika alikuwa njiani kurudi nao Akida Sadallah alipofika na askari sita. Akida, msimamizi aliyewekwa na Mdachi, alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sikuzani alipiga goti, akamwamkia. Akida akaitikia marahaba, akauliza hali ya mgonjwa, akafurahi kusikia kwamba ni mzima. Kisha akaeleza shida yake. Kesho kikosi cha Mdachi kitapiga kambi Kitangari, wanajeshi na wapagazi, na wazungu hawakuizoea baridi ya huku. Jioni wanataka supu. Supu ni neno la jikoni kwa Mdachi, maana yake ni mchuzi. Kuteka maji bondeni kunachukua nusu siku. Ameambiwa hapa kuna maji.

Walimtoa Shamte nje. Kwa kuwa jua lilikuwa linaelekea kutua, alikuwa ameanza kutiririka. Askari mmoja, jina lake Halfani, alimtazama, akaisogeza kofia yake nyuma.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilikuuliza vizuri."

"Nami nilikujibu vizuri."

Halfani alifikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli.

Akida aliuliza tundu moja linajaza vyungu vingapi. Sikuzani hakuwa na desturi ya kusema uongo; akasema vitatu. Akida akakunja vidole. Kambi ilihitaji vyungu kumi na vinane. Yalitakiwa matundu matano zaidi.

"Bwana Akida," Sikuzani alisema, "huyu ameshakufa."

"Najua, mama. Ndiyo sababu hakuna anayedhulumiwa."

Walimsimamisha kwenye nguzo za ghala lililoungua. Shamte aliomba avue kanzu kwanza, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kubadilisha. Alimkabidhi mkewe. Halfani na wenzake wakajipanga, Akida akahesabu, wakapiga. Risasi ya kwanza ilimwingia begani, ya pili tumboni, ya tatu pajani, ya nne shingoni, na kila moja iligeuka maji mara moja, bila kuchelewa, kwa sababu safari hii haikuwa na kazi ya kumuua. Ya tano ilikuwa ya Halfani. Ilipita ndani ya tundu lake la zamani bila kugusa nyama, kwa hiyo haikugeuka kitu. Ilitokea mgongoni, ikapita kati ya nguzo, ikampiga Dominika usoni, aliyekuwa anakuja kwa njia ya nyuma na mshumaa mkononi.

Alianguka, akabaki ameketi. Taya lilikuwa halipo. Alimtazama Sikuzani kwa muda, akaunyoosha mkono wenye mshumaa, na Sikuzani akaupokea. Alitoa damu tu, kama watu wengi, nyingi, na udongo ukainywa.

Akida alivua miwani, akaifuta. Akasema hilo halihesabiki, na kwamba bado limebaki tundu moja. Halfani akapiga tena, akaweka la sita chini ya titi la kulia. Alilipima vizuri ili lilingane na lile la kushoto.

Walimzika Dominika kabla jua halijazama kabisa. Kaburi lake lilikuwa kavu mpaka chini. Hakukuwa na mtu aliyejua sala za kwao, kwa hiyo Shamte, aliyekuwa amesimama mbali ili asilowanishe udongo, alisema kwa sauti majina ya vitu vya kanisani ambavyo Dominika alikuwa akivifagia: viti, madirisha, ngazi ya altare. Alivijua vyote, kimoja kimoja, hata mahali kila kitu kilipokuwa kimewekwa. Hakuna aliyemuuliza amevijulia wapi.

Nyumbani askari wawili waliachwa mlangoni kulinda maji. Wengine walileta magunia ya mbaazi, yaliyofukuliwa kwenye nyumba za majirani. Sikuzani alikitambua kibuyu cha Dominika kati ya magunia hayo. Aliambiwa mbaazi zote ziwe zimechambuliwa na kulowekwa kesho adhuhuri, na kwamba Mdachi akikuta jiwe katika supu yake ataulizwa yeye. Majirani waliokuja na vyungu vyao walirudishwa. Wao hawakubishana. Mmoja aliuliza kama kesho kutwa kambi ikihama watapata, na askari akasema kambi haihami.

Shamte aliketi kwenye kigoda. Vyungu sita vilimzunguka, na sauti ya maji ilikuwa kubwa kuliko ya moto. Kurwa aliketi kando ya mama yake, akitenga mawe. Alikuwa na macho mazuri kwa kazi ile. Kati yake na baba yake palikuwa na bakuli moja ambalo askari walimruhusu.

Sikuzani alikuwa ameuweka mshumaa karibu na jivu ili ulainike. Aliukanda, akaupima kwa macho. Ulitosha tundu moja, labda moja na nusu.

"Nianze na lipi?" aliuliza.

"La kwanza," Shamte alisema. "Hilo ndilo ninalolijua."

Aliliziba, akalilainisha kwa kidole gumba mpaka nta ikalingana na ngozi. Mkondo wa kushoto ukakatika. Kwa muda Shamte alifumba macho, kama mtu anayejaribu kuona kama atapata usingizi. Kisha ile mingine mitano ikaongezeka, kila mmoja kwa kiasi chake, na Kurwa akakisogeza chungu kilichokuwa kitupu mahali kilipohitajika.

"Basi," Shamte alisema. "Umejaribu."

Sikuzani alikibandika kipande cha nta kilichobaki kwenye nguzo ya nyumba, juu, pasipofikiwa na joto. Akarudi kwenye ungo. Mbaazi za gunia la kwanza zilikuwa zimefika nusu, na mwanga ulikuwa umekwisha kiasi kwamba mbaazi na mawe yalikuwa kitu kimoja. Akaufunika ungo kwa kanzu ya mumewe, upande uliochambuliwa kulia, upande usiochambuliwa kushoto, akamwambia Kurwa aukumbuke huo wa kushoto, kwamba hapo ndipo wataanzia kesho.