Fundi Umeme Mlangoni

Mafundi walimbandika msimamizi wao jina la Mama Ratiba, na jina likamkaa. Dada huyo hata usingizini alikuwa akipanga siku za kumwaga zege. Sasa wodi mpya ya wazazi ilikuwa tayari, kimebaki chumba kimoja, cha watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na makabidhiano ni kesho kutwa. Mkurugenzi alikuwa ameshatoa amri: fundi umeme anawachezea, afukuzwe leo hii, aletwe mwingine.

Na kweli, fundi alikuwa akikikwepa chumba kile. Jana waya hazikutosha, leo drili imekufa. Mtu aliyemaliza wodi nzima bila soketi hata moja kukaa upande! Mama Ratiba alipanda juu amefura, maneno yamemjaa mdomoni. Akamkuta kasimama mlangoni pa chumba, mkono kwenye fremu, haingii wala haondoki.

Hasira zikamwishia palepale. Uvivu anaujua, jamani, amefanya kazi na wavivu wa kila aina, na huu haukuwa uvivu. Akapindua ndoo ya rangi, akakaa.

"Keti kwanza, kaka," akasema. Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake si jambo dogo.

Fundi alijibwaga sakafuni.

"Wa kwangu alizaliwa kabla ya miezi kutimia," akasema mwishowe. "Wodi ya zamani, umeme ukakatika. Mama yake alimkumbatia kifuani mpaka asubuhi, lakini mtoto alikuwa ameshatutoka."

Machozi yalimtoka fundi, akayaacha yatoke.

"Pole sana, kaka. Mlimpa jina gani?"

Fundi alimtazama kwa mshangao. Watu walimpa pole nyingi, lakini hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akalitaja taratibu, na Mama Ratiba akalirudia vizuri ili asilisahau.

"Nikuletee mwenzako akumalizie? Hakuna atakayekulaumu. Mkurugenzi niachie mimi."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja, akafikiri.

"Mwingine atafunga taa aende zake," akasema. "Mimi nataka umeme wa akiba humu uwake hata jenereta likigoma."

Akainuka, akavuka mlango.

"Njoo unishikie ngazi, dada."

Mama Ratiba aliishika kwa mikono miwili, na hakumharakisha.