Sheria ya Kiangazi

Hapana, Mumina, mwalimu hakunifukuza. Nani alikuambia hivyo, bibi yako? Huyo hakuwepo. Huyo wakati huo alikuwa bado anafukuza ndama na fimbo kubwa kuliko yeye. Mwalimu Mahmud alinipenda, tena sana, aliniita Halkano Kalamu kwa sababu nilikuwa naandika herufi zilizosimama wima. Niliishia darasa la sita, ndiyo, na mpaka leo unaniona nasoma gazeti nikifuata kwa kidole. Lakini si mwalimu. Wewe umekuja na makaratasi ya chama chenu cha chuo, unasema mmebishana wiki mbili juu ya kanuni. Wiki mbili si kitu. Kaa hapa, sogeza hicho kigoda, hiyo nyama bado haijaiva.

Ilikuwa hamsini na saba. Shule ilikuwa upande huu wa Garsen, mabanda manne ya udongo, na bweni ambalo mvua ikinyesha tunalala tumekaa. Watoto wengi walikuwa wa mtoni, wakulima. Sisi wa ng'ombe tulikuwa wanne tu, na watatu kati yetu walikuwa wanatoroka kila mwezi. Mimi sikutoroka. Unajua kwa nini? Baba yangu, Godhana, aliniambia siku ya kwanza, "Ukiwa na kazi huko shuleni, kaa. Siku huna kazi huko, ng'ombe wana kazi." Sasa mimi nikawa natafuta kazi kama mtu anayetafuta maji. Nilifagia, nilipiga kengele, nilibeba chaki. Kila nikienda nyumbani Baba ananiuliza, "Bado wana kazi na wewe?" Nasema, "Bado, Aba." Anasema, "Haya."

Halafu chama kikaja.

Kilianzishwa na Gollo, kijana wa mtoni, kutoka Ndera, mrefu, anacheka kidogo. Alitaka wanafunzi wawe na chama chao, si cha msikiti, si cha kanisa, cha wote. Cha kusaidiana kusoma, na kumwambia mwalimu kwamba uji una wadudu. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari, watu watano wakikaa mahali pamoja askari anakuja kuuliza mnakaa kwa nini. Mwalimu Mahmud akasema, "Andikeni kanuni, nizipeleke kwa bwana shauri wa serikali. Akizipigia muhuri mtakutana. Bila hivyo, sitaki kuwaona hata watatu chini ya paa moja."

Basi tukaandika. Gollo akawa mwenyekiti, mimi nikachaguliwa katibu, kwa sababu ya zile herufi. Nilikimbia nyumbani kumwambia Baba, nimepata kazi ambayo hakuna mwingine anaweza kuifanya! Ng'ombe wakati huo walikuwa Minjila, kiangazi, wameshuka wote kwenye majani ya bondeni, nyumbani ni mwendo wa saa moja tu. Baba akanitazama akasema, "Katibu ni nani?" Nikasema ni yule anayeshika maneno ya watu wote. Akasema, "Hiyo ni kazi." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya kitu cha shule.

Kanuni ya kwanza ilituchukua Jumamosi mbili. Tom, mtoto wa kule mto unakoshukia, baba yake mwinjilisti, alitaka tufungue mkutano kwa sala yao. Gollo akasema hapana, tusome Fatiha. Wakapigana, wakarushiana viatu, na viatu vyenyewe shule nzima vilikuwa jozi tano. Mwisho nikasema, "Kila mtu aombe kwake kabla hajaja. Akiingia hapa awe ameshamaliza na Mungu, alete maneno ya mkutano." Wakakubali. Niliona raha, Mumina, acha tu. Niliona mimi ni mtu mkubwa.

Na ule ukubwa ndio ulionimaliza. Kwa sababu wale wa mtoni walianza kukosa mikutano. Ndege wako kwenye mpunga, nyani wako kwenye ndizi, mama kaniita. Jumamosi moja tulikaa watu wanne, mimi nimeshika kalamu, hakuna cha kuandika. Nikakasirika. Mkutano uliofuata nikasimama nikatoa kanuni ya tano: atakayekosa mikutano mitatu mfululizo ametoka kwenye chama, hata awe na sababu gani.

Gollo akauliza, "Hata mgonjwa?"

"Mgonjwa aje na ugonjwa wake."

"Hata aliyefiwa?"

"Maiti huzikwa siku moja. Jumamosi zote tatu anafanya nini kaburini?"

Wakacheka! Wote walicheka, hata Gollo alicheka. Wakainua mikono, hakuna aliyebaki. Nikaandika kwa wino, Mwalimu akaipeleka, ikarudi na muhuri mwekundu. Sasa niambie, mtoto wa ng'ombe, anayejua kwamba mvua ikija ng'ombe wanapanda juu mbali, siku tatu, siku nne kutoka hapo, anaandikaje sheria kama hiyo? Nitakuambia. Kiangazi. Ng'ombe wako mlangoni, usiku unasikia wakicheua. Ukiwa hapo huwezi kufikiri kama wataondoka. Niliandika sheria ya kiangazi.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikafika. Ndugu yangu Huka akavunjika mguu, Baba akanitumia mtu. Mwalimu Mahmud akanipa wiki moja. Wiki gani! Tulipandisha ng'ombe, mto ukapasuka nyuma yetu, bonde lote likawa maji, nikakaa huko juu nikila maziwa na kuhesabu Jumamosi kwa vidole. Moja. Mbili. Nilipofika ya tatu nikaacha kuhesabu. Nilijiambia, watanijua, mimi ndiye katibu. Nilirudi baada ya nne.

Nilikuta karatasi kwenye mlango wa darasa. Mwandiko wa Tom, herufi zimelala kama zimechoka. Halkano Godhana ametolewa, kanuni ya tano. Nilisoma mara tatu. Wallahi nilidhani ni Halkano mwingine.

Nikamkuta Gollo anaosha sufuria. Nikamwambia, "Nyinyi mmekuwa wazimu?"

"Karibu, Halkano. Ng'ombe wazima?"

"Wacha ng'ombe! Jina langu liko mlangoni!"

"Ndiyo, liko," akasema, anasugua tu. "Tom ndiye katibu sasa."

"Mto ulijaa! Hukuuona mto?"

"Niliuona. Soma kanuni yako. Haikusema mto."

Sikuomba ruhusa, nikatoka hivyo hivyo nikaenda kwa Baba, mwendo wa siku mbili na nusu kwenye tope. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimjua Baba. Mtu akimgusa ndama wake tu, anachukua mkuki. Nikasema, leo hawa watoto wa mtoni watamjua Godhana.

Nilimkuta anakamua. Nikamwambia yote. Hakuacha kukamua. Akauliza, "Hiyo sheria nani aliitoa?"

"Mimi, Aba."

"Nani aliikataa?"

"Hakuna."

"Mlichinja nini?"

Sikuelewa. Nikasema hatukuchinja kitu, bwana shauri alipiga muhuri.

Hapo ndipo akaacha. Akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka kwenye kibuyu. "Mmetunga sheria ya watu wazima, mkamtoa mtu, na hamkuichinjia? Mkaiacha hivyo, mbichi?"

Kwetu, Mumina, neno la wazee likikubaliwa linachinjiwa. Kabla ya kisu, kila mtu ana mdomo. Baada ya kisu, limekwisha, hata mtoto wako likimkata unanyamaza. Baba akaenda boma, akamtoa dume mwekundu, yule wa kipaji cheupe, aliyekuwa anamwimbia jioni. Nikafurahi! Nikasema anakwenda kuwanunua, au anakwenda kuwatisha, mojawapo. Nilimswaga yule dume siku tatu, nikiimba.

Tulifika Jumamosi, wako mkutanoni. Baba akasimama mlangoni na mkuki wake, dume nyuma yake anakojoa kwenye ngazi ya shule. Mwalimu Mahmud akatoka mbio na chaki mkononi. "Mzee Godhana, kuna nini? Watoto ni watoto, tafadhali!"

Baba akampa salamu, akauliza habari za nyumbani, habari za mvua, zote, mpaka zikaisha. Halafu akasema, "Mwalimu, hawa wametunga sheria, nayo imemtoa mwanangu. Nimeleta dume waichinjie."

Mwalimu akasema, "Waichinjie... ibaki?"

"Ibaki. Sheria itamtoaje mtu halafu iachwe mbichi?"

Sikiliza, Mumina. Nilitembea siku tatu nikiimba nyuma ya kisu changu mwenyewe. Nikasema, "Aba!" Hakugeuka. Aliwaambia wanafunzi, "Mwenye neno aseme sasa. Kisu kikipita, kimya."

Nikafungua mdomo mimi. Gollo akanyoosha mkono. "Samahani, Mzee. Asiye mwanachama hasemi mkutanoni. Kanuni ya sita."

Baba akauliza, "Nani aliiandika?"

Gollo akanionyesha kwa kidevu.

"Kaa nje," Baba akaniambia.

Nikakaa nje, dirishani, mimi na yule dume. Tom akasimama. Nilikuwa sipendani naye, yule na viatu vyake, lakini yeye ndiye aliyesimama. Akasema kanuni ya tano ni mbaya, mtu wa ng'ombe ana mvua yake, mtu wa shamba ana mafuriko yake, tuibadilishe, Halkano arudi. Wengi wakasema ndiyo, ndiyo. Mimi pale dirishani moyo ukarudi mahali pake.

Gollo akasimama. Hakupaza sauti. Akasema, "Mwezi wa kumi, bibi yangu alikufa kule Ndera. Mnajua?"

Hakuna aliyejua.

"Yeye ndiye aliyenilea. Nilikuwa nimeshakosa mikutano miwili, miguu ilinivimba, mnakumbuka. Kwenda Ndera na kurudi ni Jumamosi ya tatu. Sikwenda. Nilikaa hapa, kwenye kile kiti, Halkano akiandika majina ya waliohudhuria. Akaniandika. Mama yangu hajaniandikia barua mpaka leo." Akamtazama Tom. "Badilisheni. Mimi wa kwanza nitainua mkono. Aliyefiwa, mgonjwa, mwenye ng'ombe, atume neno, asihesabiwe. Lakini kwa kesho. Mkimrudisha yeye kwa jana, basi na mimi nirudishieni ile siku ya maziko."

Nilikaa chini kwenye tope. Yale maneno yangu ya kaburi, ambayo watu wote walicheka. Na yeye aliondoka nayo, akayaweka, akaja kila Jumamosi kukaa mbele yangu na asiseme. Nilikuwa nataka kusema kitu na kanuni yangu imenifunga mdomo, na hata kama isingenifunga, ningesema nini? Mwalimu Mahmud mwenyewe alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, mkono kichwani.

Baba akauliza mara tatu kama kuna mwingine mwenye neno. Hakuna. Ikaandikwa hivyo: kuanzia leo mwenye udhuru anatuma neno. Aliyekwisha kutolewa anaweza kuomba upya mwaka ukipita. Mikono yote ikainuka. Mwalimu akashika kisu, akamwelekeza dume kibla, akasema bismillahi. Tom akashika mguu wa nyuma, akapigwa teke, akashikilia. Kisu kikapita.

Baba akaja dirishani. "Umesikia?"

"Nimesikia, Aba."

"Bado wana kazi na wewe?"

Nikasema, "Hawana."

"Kesho alfajiri tunarudi kwa ng'ombe." Akaniwekea mkono kichwani, mzito, akauacha hapo kidogo. Halafu akasimama akimwangalia dume pale chini. Yule dume alimpenda, unajua. Au hakuwa anamwaza dume. Sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa.

Mwaka ulipopita Huka alikuwa bado anachechemea, nikabaki na ng'ombe. Basi, ndivyo ilivyokuwa.

Lakini siku hiyo nyama ilichelewa, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, ikafika alasiri watu wanameza mate. Masinia yakapangwa uwanjani. Mimi nilikuwa nimesimama kule kwenye kengele, najifanya nafunga kamba ya kiatu, na kiatu sina. Baba hakuniita. Wanafunzi wakakaa, Mwalimu akakaa, wameshanawa mikono, hakuna anayegusa, kwa sababu mwenyekiti amesimama.

Tom akasema, "Gollo, kaa bwana, tunakufa!"

Gollo akapita katikati ya watu akaja mpaka kwenye kengele. Macho yake mekundu, na yangu pia. Nikamwambia, "Bibi yako. Sikujua." Akasema, "Ningekuambia nikaenda, ungeniandika tu kwamba nimekosa." Nikasema, "Ningekuandika, ndiyo."

Halafu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Kanuni ya saba, mgeni wa chama anakula na mwenyekiti. Si ndiyo, katibu?"

Tom akasema, "Hakuna kanuni ya sa—" halafu akanyamaza. "Ndiyo. Iko. Naiandika nikishakula."

Gollo akanishika mkono, si kwa upole, akanivuta mpaka kwenye sinia lake. Wakasogea, wakanipa nafasi kati yake na Baba. Baba akaninyofolea kipande cha ubavu akakiweka mbele yangu, na sisi wote, wa mto na wa malisho, ndipo tukakaa tukala.